Ziwa la Shangazi

Mkuu wa chumba chetu cha sampuli za miamba, tunayemwita Shangazi, hutafuna mawe. Sitanii. Humega kipande, akakisaga kwa meno ya mbele huku amefumba macho kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Tope la ziwa huteleza kwenye meno, majivu ya volkano hukwaruza. Matabaka ya chini huyaita mabibi, ya juu wajukuu, na yanayolingana pande mbili za bonde huyaita mapacha, kisha huyaunganisha kwa penseli kwenye mchoro wa ukutani. Fahari yake ni tabaka jeupe, ushahidi wa ziwa alilosema miaka yote kwamba lilifunika bonde zima.

Jana mchoro ulikuwa unasubiriwa kwa mchapaji. Akatafuna jeupe la upande huu wa bonde, akatafuna la upande wa kule, akatema.

“Shangazi, jino limevunjika?” nikamuuliza.

“Afadhali lingekuwa jino. Hili la kule ni majivu. Nimewapa undugu watu wasiojuana!”

“Si uwaache tu? Nani mwingine atakwenda kutafuna mlima?”

Hakucheka. Akachukua kifutio, akafuta polepole, akipuliza vumbi la penseli, mpaka ziwa likabaki nusu bonde.