Macho Mawili Kwenye Bafta

Kazini mimi ndiye ninayepanga zamu. Wahudumu kumi na wawili wanaozunguka majumbani kwa wazee wa Columbus wanajua kwa karatasi yangu nani yuko kwa nani, saa ngapi, na nani anamwogesha nani. Jambo hilo ninajisifia nalo, hata kwa watu ambao hawajaniuliza. Kwa hiyo binti yangu wa miaka mitano alipokuja na habari za shuleni, kwamba kule Louisville, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, kuna bustani ya michezo inayofanya sherehe ya Halloween kwa watoto, siku nzima, mabembea, pipi, na kila mtoto na vazi lake la kujigeuza, nilichukua kalamu kama mtu aliyeitwa vitani.

Nilianza kupanga wiki sita kabla. Nilimpima mtoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni nijue, kwa kimo chake, atakubaliwa kwenye treni gani ya michezo na atakataliwa kwenye ipi, nikamweleza mapema ili kilio chake kiishie nyumbani. Nilisoma masharti yao yote: wakubwa wasifunike uso, watoto ruhusa, nguo ndefu zivuliwe kabla ya kupanda chombo chochote. Nilichora njia ya kupita, vituo vya pipi kwanza kabla foleni hazijawa ndefu, vyoo viko wapi, saa ngapi ale, saa ngapi alale kidogo kwenye kigari. Nilimpigia dada yangu, yaani mtoto wa mama mkubwa, anayeishi South End huko Louisville na kufanya kazi ghalani, tulale kwake Ijumaa ili Jumamosi tufike mlangoni wa kwanza. Mume wangu alikuwa na kazi wikiendi hiyo. Aliitazama karatasi yangu akasema hata wanaokwenda Hija hawajipangi hivyo. Nikamwambia ndiyo maana wanapotea.

Na vazi lilikuwa tayari pia. Kipepeo. Mabawa ya zambarau niliyoagiza mwezi mzima kabla, yakaning'inizwa kabatini, asiyaguse mtu.

Ijumaa hiyo mtoto alirudi shule saa nane na nusu, akavua viatu, akatangaza kwa Kiingereza kwamba yeye si kipepeo tena. Ni mzuka. Mzuka mweupe, wa shuka, mwenye macho mawili. Rafiki yake wa darasani alikuwa hivyo kwenye sherehe ya shule na kila mtu alimkimbia. Mwanangu huyo ananielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo kilio chake hakikuwa na lugha. Alikaa chini sakafuni akakataa hata kuyatazama yale mabawa.

Mpango ulisema tuondoke saa tisa kamili, tusinaswe na foleni ya magari. Nikaanza kupekua mashuka. Nyumba yetu ni nyumba ya Waswahili: shuka la maua, shuka la mistari, shuka lenye tausi wawili wanaotazamana. Jeupe tupu hakuna. Duka lilikuwa dakika kumi kwenda na kumi kurudi, na dakika hizo hazikuwamo kwenye karatasi. Ndipo nilipokumbuka begi la mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikaa nasi kiangazi chote. Mwezi wa tisa alikwenda Buffalo kwa mwanawe mdogo, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Siku ya safari alinikabidhi kibegi cha buluu, akakishika kwa mikono miwili kabla ya kukiachia. "Mwanangu, hii ni amana yangu. Iweke juu, mahali watu hawapitipiti. Siku nikiitaka nitakwambia." Nikasema, "Sawa, mama," jicho langu likiwa kwenye simu, maana kuna mhudumu alikuwa ameniambia anaumwa na nilikuwa natafuta wa kuziba pengo. Sikuuliza ni amana gani. Nilipokipandisha juu ya kabati, zipu ilikuwa haijafika mwisho, nikaona ncha ya kitambaa cheupe.

Nilikishusha. Kile kitambaa kilikuwa bafta ya pamba, pande zima lililokunjwa vizuri sana. Nilipolivuta, harufu ilinipiga usoni: karafuu maiti.

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba sikujua. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia kwenye nyumba ambazo bibi akirudi Hija analeta bafta aliyoichovya maji ya Zamzam, anaifungia, na watoto wote mnajua msiisogelee. Harufu ile naijua tangu kabla sijajua kusoma. Lakini karafuu maiti watu huweka pia kwenye nguo ili zisiliwe na wadudu, na mimi nikajiambia, ni ya wadudu hiyo. Nilijiambia haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai salamu. Sikutazama kuna nini kingine ndani ya begi. Nilimfunika mtoto, nikaweka alama kwa kalamu penye macho, nikakata. Mkasi uliingia kirahisi. Saa tisa na dakika tano tulikuwa barabarani.

Dada yangu alitupokea na wali na samaki, akacheka na mzuka wake, tukalala. Asubuhi, nikimvisha mtoto sebuleni, dada alipita na chai akasimama. Akashika ncha ya kile kitambaa, akakileta puani.

"Hii bafta umeitoa wapi?"

"Ilikuwa kabatini tu."

"Inanuka karafuu maiti, mdogo wangu."

"Ya wadudu," nikasema. "Ya mama mkwe, anahifadhi nguo zake."

Dada alinitazama. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne na hajawahi kunisema mbele ya mtoto. "Kipepeo je? Si ulisema ana mabawa?"

Mabawa yalikuwa kwenye buti la gari, nilikuwa nimeyabeba kwa tahadhari. Ningeweza kuyaleta. Mtoto angelia robo saa, labda nusu. Lakini karatasi ilisema tuwe mlangoni kabla hawajafungua, na mtoto alikuwa amekwisha kufurahi, na mimi nilikuwa nimeona haya tayari, na haya yangu huwa yanatoka kwa sura ya ukali. "Dada, tutachelewa bwana," nikasema. Akaachia ile ncha.

Siku ilikwenda kama nilivyoipanga, kila kitu kwa saa yake, na hilo ndilo linaloniuma. Mzuka wangu alikimbia kituo hadi kituo na mfuko wake, watu wazima wakijifanya kuogopa. Akapanda farasi wa kuzunguka mara tatu. Akalia mara moja tu, sababu ya treni ndefu aliyojua hataruhusiwa. Kila tulipofika kwenye chombo nilimvua bafta, nikaikunja mkononi, na kila nilipoikunja harufu ilipanda. Mvua ndogo ya asubuhi ilikuwa imeacha matope, bafta ikaburutwa humo. Soda ya machungwa ikamwagika kifuani. Nikapangusa kwa tishu, nikijipa moyo kwamba itatoka kwa sabuni. Nilipiga picha nyingi, na katika zote nacheka.

Tuliondoka saa tisa. Kabla hatujafika mbali, mtoto alilala kwenye kiti chake cha nyuma. Alikuwa amekataa kuvua. Baada ya mwendo wa saa nzima hivi nikatupa jicho kwenye kioo nimwone.

Alikuwa ameteleza upande, bafta imemfunika kuanzia utosini hadi miguuni. Yale macho niliyokata yalikuwa yamegeukia kisogoni. Mbele palikuwa peupe tupu, pametulia, na umbo la uso wa mwanangu likionekana kwa chini.

Sijui niliegeshaje gari. Nakumbuka lori likinipigia honi na mimi nikifungua mlango wa nyuma. Nilimvua ile nguo kwa nguvu, akaamka akilia, jasho usoni, pipi imemganda shavuni. Nikamkumbatia pale kando ya barabara. Nikaitaja, kwa sauti, peke yangu: sanda. Nimemvika mwanangu sanda ya bibi yake. Yeye akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini ninamwamsha kama hatujafika.

Baada ya hapo ilipasa nimpigie simu mama mkwe. Mtu mwenye adabu zake angepiga simu. Mimi nilipanga. Niliifua bafta mara tatu, doa la soda likagoma, likabaki la manjano hafifu mahali pa moyo. Nikaenda kwenye duka moja la vitambaa mtaa wa Linden, nikanunua bafta nyingine, upana uleule, nikainyoosha kwa pasi, nikaikunja kama ile ilivyokunjwa. Safari hii nilitazama ndani ya begi: kichupa cha atari, udi, karafuu maiti kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake. Nikaipaka ile mpya karafuu maiti ya ile karatasi, nikaitia begini. Maji ya Zamzam sikuwa nayo. Ile yenye macho nilishindwa kuitupa, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki nikaificha kwenye buti la gari, penye tairi la akiba, mtoto akinitazama. Mume wangu sikumwambia. Dada aliponipigia kuniuliza tulifikaje, nilizungumza naye hali ya hewa.

Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mama mkwe akaomba begi lake. Tukaenda Buffalo, theluji imejaa hadi kwenye ngazi za nyumba. Mume wangu na mdogo wake walitoka kusafisha njia kwa koleo. Mke wa huyo mdogo alikuwa ghorofani akinyonyesha. Sebuleni tulibaki watatu: mama, mimi na mtoto.

"Shikamoo, mama. Amana yako."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Alifungua begi mapajani. Alipoigusa bafta, mkono wake ulisimama. Akaisugua kati ya vidole viwili, taratibu, kama wanawake wa kwetu wanavyopima kitambaa dukani. Mtoto alikuwa ameegemea goti lake akitazama, na akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba siyo hiyo, ya mzuka ina macho, ya mzuka iko kwenye gari.

Mama mkwe wangu Kiingereza hajui. Akanigeukia mimi. "Anasemaje?"

Ilibidi nimtafsirie. Na mimi, mbele ya mwanangu anayeelewa kila neno, nikasema: "Anasema ni nzuri, mama. Nyeupe."

Mtoto alinitazama kwa mshangao mtupu. Alidhani nimekosea. Akamgeukia bibi yake, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho miaka yote nimekuwa nikimbembeleza akiseme, akasema: "Hapana Bibi. Mama alikata macho kwa nguo ya Bibi. Mimi nilikuwa mzuka. Iko kwa gari."

Nilitamani hata theluji ya nje inifunike. Mama akaiweka ile mpya kando. "Kailete."

Nilitoka bila koti. Mume wangu akaniuliza natafuta nini kwenye tairi, nikafunga buti. Nilirudi na ule mfuko wa plastiki, nikapiga magoti, nikampa. Nikasema nisamehe mama, nilijua, nilijua kwa harufu, nikajitia sijui. Hayo yote yalinitoka kwa pamoja na machozi, na sikuyapanga.

Aliikunjua mapajani. Akapitisha kidole kwenye tundu moja, kisha jingine. Akaweka kiganja juu ya lile doa. Mtoto, kwa furaha ya kuiona nguo yake, akajipenyeza chini, akachungulia kwa yale macho na kumtisha. Na bibi yake akatishika, akapiga ukelele mdogo, wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti.

Alipomaliza kucheka alisema, bila kuniangalia, "Wanangu wote wawili ni wanaume. Hawawezi kunikosha. Hapa ugenini nilijiuliza ni nani atanikosha na kunivika, nikakuchagua wewe. Ndiyo maana nikakuachia wewe."

Akaomba sindano na uzi mweupe. Mtoto ndiye aliyetunga uzi, kwa sababu macho ya bibi hayaoni vizuri. Mama akakata vipande viwili vidogo kwenye pembe ya ile bafta niliyonunua, akayaziba macho yale moja baada ya jingine, mishono midogo iliyofuatana, mpaka mume wangu na mdogo wake wakaingia wakikung'uta theluji. Hakuwaambia kitu. Akaikunja ya kwake, akairudisha begini na doa lake. Ile mpya, iliyokatwa pembe, akanipa mimi.

"Hii ni yako," akasema. "Kila mtu awe na yake."

Begi lilibaki Buffalo. Bafta yangu iko juu ya kabati, Columbus, nimeitia karafuu maiti. Kila Ijumaa mama hunipigia, huniuliza mjukuu wake hajambo, baridi imezidi, wale wazee ninaowapangia watu wa kuwaogesha wanaendeleaje. Sauti yake ni ileile. Nani atamkosha hajataja tena. Mimi ninayewapangia watu wote zamu zao, hiyo moja sijui kama bado ni yangu, na uso wa kumuuliza sina.