Mhoja Bahari na Maji Yaliyohama

Siku Scola alipoonana na Mhoja kwa mara ya kwanza, mkono wake ulikuwa umezama hadi kwapani ndani ya gunia la Mhoja. Ndivyo alivyonunua pamba. Gunia halitazamwi usoni, linachimbwa tumboni. Alichomoa konzi ya pamba ya chini kabisa, akaibandika shavuni. Ilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Baba, pamba yako imeoga."

"Haijaoga, mayu," Mhoja akajibu bila kupepesa macho, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hiyo ni hewa ya bahari. Kusi linavuma wiki nzima sasa. Hukusikia redioni?"

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakacheka, ila hawakucheka kwa dharau. Walicheka kama watu wanaomjua fundi wao. Scola, aliyeanza maisha kwa kuuza dagaa wa Lamadi kwa kikombe mpaka akafika kwenye mizani ya pamba, akamtazama vizuri mtu huyo: mrefu, mkavu, miguuni katambuga za tairi, kwapani redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kutoka hapo Lalago hadi baharini ni safari ya kulala njiani. Na huyu anasema upepo wa huko umekuja kulowesha gunia lake tu, ukaliacha la jirani.

"Kalianike," akamwambia. "Hewa ikitoka, urudi."

Mhoja akaenda kulianika bila kinyongo. Alikuwa amejaribu kuongeza uzito kwa maji, akakamatwa, basi. Scola akampenda kidogo, kama mchuuzi anavyompenda mchuuzi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake, na kila mwenye lori na turubai alijiita kampuni. Mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kule Bariadi alikuwa amemkabidhi Scola mizani kwa sharti moja: lori lijae kabla ya siku ya mnada wa ng'ombe. Lisipojaa, mizani inahamia kwa Joakim, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Kwa Scola, mizani ikiondoka, kinachobaki ni kikombe cha dagaa.

Na lori halikujaa. Pamba ilikuwepo, imelundikwa majumbani hadi watoto wanalala juu yake, ila watu hawakuileta. Kila jioni walikusanyika kwa Mhoja kusikiliza bahari.

Redio zilikuwepo nyingine kijijini. Lakini watu walisikiliza matangazo ya vifo na mpira, na ilipofika zamu ya bahari walizima ili betri zisiishe. Nani wa Lalago ana mtumbwi? Mhoja peke yake aliendelea kusikiliza, miaka na miaka, hata wakamwita Mhoja Bahari. Mtu anayezungumzia upepo na mvua, nchi hiyo haimpuuzi. Wazee wao walipanda alipowaambia mtu wa mvua, nao waliuza alipowaambia mtu wa mawimbi.

Scola akaenda kukaa naye jioni moja, akijifanya amechoka hadi mifupa. Redio ikakoroma, ikasema: upepo wa wastani, bahari shwari, mawimbi madogo. Mhoja akaipunguza sauti, akakohoa, akawageukia watu.

"Mambo mabaya. Mawimbi yanazidi paa la shule. Meli za kuchukua pamba zimeshindwa kutia nanga, zinazunguka tu huko kama fisi. Zikitulia zitakuja na njaa. Bei itapanda. Shikilieni mizigo yenu."

"Mbona nimesikia shwari?" Scola akauliza.

"Shwari ya huko ndiyo hiyo, mayu. Wewe ni mtu wa ziwa. Ziwa ni bakuli."

Watu wakaguna kukubali. Scola akageukia dirishani. Aliona betri mpya zimepangwa kwenye ukingo wa dirisha, bado na karatasi zake, na alijua ni duka gani tu linaziuza: la Joakim. Joakim alikuwa anangoja mizani ihame, ndipo bahari itulie.

Watu walipotawanyika, Scola hakumgombeza. Kugombeza mtu unayetaka kumnunua ni kupandisha bei.

"Baba Mhoja, Joakim anakupa betri."

"Ananisaidia tu, maskini. Ana moyo."

"Umewahi kuiona bahari?"

Mhoja akakuna goti. "Kuiona kwa macho?"

"Kwa macho."

"Lamadi nimefika. Maji yalikuwa mengi."

"Lamadi ni bakuli, umesema mwenyewe. Marobota ya kiwanda yanakwenda bandarini Dar. Dereva ni Renatus, namjua, alikuwa ananibebea dagaa. Kiti cha mbele, dirisha lake, kwenda na kurudi. Mtu anayeitwa Bahari akafa bila kuiona, si aibu hiyo?"

Mhoja aliitazama redio kana kwamba anaomba ushauri. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayenunua ndama, "Na chakula njiani?"

"Na chakula."

"Na nyama?"

"Usinizidishie, baba."

"Basi bahari naona kama itatulia," akasema Mhoja.

Ikatulia kesho yake. Mhoja alisimama katikati ya watu, akatangaza kwamba meli zimeingia zote kwa pamoja, zinajaza haraka kabla upepo haujarudi, na atakayechelewa panya watazalia ndani ya pamba yake. Joakim alivuka barabara mbio mbio.

"Mzee! Jana si ulisema mawimbi yanazidi paa?"

"Jana ilikuwa jana. Bahari si ng'ombe kwamba utaifunga kwenye nguzo uikute asubuhi."

"Na betri zangu?"

"Zinafanya kazi vizuri sana. Nimesikia kila neno."

Kicheko kilichozuka hapo ndicho kilichomfukuza Joakim. Magunia yakaja kwa baiskeli, kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwa vichwa vya akina mama. Scola alichimba matumbo yao mpaka mkono ukawa na vipele. Mnada ulipofika, lori lilikuwa limejaa hadi turubai halikutosha, na mizani ikabaki kwake.

Scola akatimiza ahadi. Nyama hakuweka, ila Mhoja alipanda kiti cha mbele, redio magotini, akiwapungia watu mkono kama diwani.

Yaliyompata huko Scola aliyasikia kwa Renatus, ambaye alishindwa kusimulia bila kushika usukani asianguke kwa kucheka. Walifika ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mhoja akakuta uwanja wa matope na wanawake wanaokota chaza. Akauliza bahari iko wapi, akaonyeshwa mbali kule. Basi akavua katambuga, akaziweka mchangani pamoja na redio, pale pale ambapo mtu wa ziwa angeviweka, maana ziwa ukiliacha mahali unalikuta, akakunja suruali akaifuata bahari. Redio ilikuwa ikimtangazia saa za maji kujaa na kupwa miaka yote hiyo. Sehemu hiyo hakuijali, aliona haina faida kwa pamba. Alipogeuka, bahari ilikuwa imempita kando na kutangulia ufukweni. Katambuga moja ilirudi. Redio haikurudi.

Mhoja aliporudi Lalago watu walijaa uani kumsikiliza. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, akawaambia ukweli mtupu.

"Yale maji huondoka. Mchana kweupe. Halafu yanarudi."

Mzee Masele, mwenye kisima kijijini, akauliza, "Yanaondoka kwenda wapi?"

"Sijui."

"Nani anayaondoa?"

"Wanasema mwezi."

Masele akachukua fimbo yake. "Mhoja, tumekuvumilia mengi."

Wakaondoka mmoja mmoja. Miaka yote alipowadanganya walimwamini, na mawimbi yake yenye urefu wa paa walilala nayo. Kwa hili la maji kusafiri wakamwona mwongo.

Msimu uliofuata Scola alimwazima redio yake mwenyewe, amtulizie bahari tena. Haikufaa. Kila Mhoja alipofungua mdomo, mtu aliuliza kutoka nyuma, "Leo ipo nyumbani, au imesafiri?" Ikabidi Scola ajaze lori kwa njia ya taabu: mizani isiyoguswa kwa kidole, kila mmoja aisome mwenyewe. Lori lilijaa, ila faida ilipungua, na hilo alilisikia kuliko vipele.

Mhoja naye alileta gunia lake, miguuni katambuga mpya moja na ya zamani moja. Scola akazamisha mkono hadi kwapani, akachomoa konzi, akaibandika shavuni. Baridi.

"Hewa ya bahari?" akauliza.

Mhoja akatazama foleni. Wote walikuwa wametega masikio, tayari kucheka.

"Maji, mayu," akasema polepole. "Ya kisima cha Masele."

"Kalianike."

Akalibeba gunia lake, akaenda juani.