Moshi wa Shimini Ulisimama Wima

Kazi yangu, miaka ile ya Zaïre tulipoitana wote sitwaye, yaani mwananchi, ilikuwa kuandika hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, na mimi mwenyewe sikuwahi kupanda ndege hata siku moja. Mimi ni mtu wa nyumba. Safari yangu kubwa ilikuwa Sakania, kwa treni, na nilianza kukumbuka kitanda changu kabla treni haijaondoka.

Asubuhi moja aliingia rubani aliyetoka Kananga, shati limelowa mgongoni.

"Sitwaye, andika. Kule juu ndeke ilirushwa sawa kamiyo mu mashimo ya barabara. Na wingu hakuna, hata kamoja."

"Bila wingu? Sitwaye, jana ulikunywa lutuku vikombe ngapi?"

Hakucheka. "Andika tu. Mwenye kufuata ajue, afungishe bantu mikaba ya kiti."

Alisema kweli. Hewa ya namna ile hupiga bila kuonekana, na ofisi yetu haikuwa na chombo cha kuiona. Chombo kilikuwa mdomo wa rubani aliyetikiswa: yeye anasema, mimi naandika, redio inampasha habari anayefuata. Lakini nilichungulia dirishani. Anga nyeupe. Moshi wa shimini ya kiwanda cha shaba umesimama wima, kama mwanafunzi wakati wa bendera. Nikajiambia, upepo umelala. Kana kwamba shimini ile inafika zinakopita ndege! Sikuandika kitu. Nikafunga ofisi mapema, nikaenda nyumbani kujificha.

Ndiyo, kujificha. Ndege iliyofuata kutoka kule kule ilikuwa inamleta mama mukwe, na kwa wakwe zangu, watu wa Kasai, mkwe hamtazami mama mukwe usoni.

Alifika mkono umefungwa kitambaa. Kahawa ya moto ilikuwa imemwagika ndege iliporushwa. Aliketi chumbani; mimi barazani, nimempa mgongo. Mke wangu alisimama mlangoni kubeba maneno, ingawa tulisikiana vizuri kabisa.

"Uulize bwana yako," alisema mama mukwe. "Yeye njo mwenye kuchunga hewa. Alijua?"

"Mama anauliza kama ulijua."

"Umwambie, wingu halikuwako."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinuka zaidi.

"Njo vile!" Sauti yake ilijaa furaha. "Nilibaambia bantu mu ndeke: mukwe wangu iko pale. Kama kitu kingejulikana, angetujulisha."

Masikio yaliniwaka. Nikamnong'oneza mke wangu: rubani aliniambia, nikamcheka, sikuandika. Mpelekee hilo.

Alinitazama kama anayeona panya kwenye unga. "Hiyo mie sibebe. Peleka mwenyewe."

Nikaugeukia ukuta. "Mama, nilijua. Nilicheka."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake bila mtu katikati. Mwenzangu mwingine angeanza na salamu, "jambo".

 Mama mukwe akarudi kwenye heshima ya kumpitishia mke wangu maneno, na heshima hiyo iliniuma kuliko tusi.

"Umwambie bwana yako: piloti yetu naye alitafuta wa kumuandikia. Bureau yake ilikuwa ya kufunga. Na leo iko ndeke ingine ya kupita kule?"

"Iko moja, ya saa kumi," mke wangu alijibu bila kunipitishia.

"Iko na bantu ndani?"

"Beko, mama."

"Basi yeye anafanya nini hapa?"

Nilivaa viatu, nikachukua baiskeli kurudi ofisini. Saa nane ilikuwa imepita. Njia nzima moshi wa shimini ulikuwa bado wima, nami nilikanyaga bila kuutazama.