Taa Imewaka Avenyu ya Kumi na Nne

Umeme ukikatika na kurudi, watoto wa mtaa wetu hupiga kelele moja: "Imewaka!" Hawafundishwi na mtu. Balbu ikishtuka tu, koo zote zinafunguka, ua hadi ua, mpaka ng'ambo ya barabara. Watu wazima hucheka. Mimi huacha nilichoshika. Kama nilikuwa napima kitenge, naanza upya, maana mkono umeshapoteza hesabu. Na mnaonijua mnajua kwamba mkono wangu haupotezi hesabu hivi hivi. Nimeuza vitambaa sokoni miaka mingi, na kila kitambaa nimekipima mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Basi sogeeni niwaeleze kelele hiyo inanikumbusha nini. Sijapata kumwambia mtu, na msiniombe punguzo.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa mtaa wa Buyenzi, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, avenyu ya kumi na nne, miaka michache baada ya uhuru. Dhoruba ilitupata mchana, siku ya tisa ya Ramadhani. Kwanza ziwa lilibadilika rangi, likawa kama maji yaliyooshewa masufuria. Kisha upepo ukaja na mchanga, na baada ya mchanga mvua ya kulala ubavu. Katika avenyu yetu peke yake mabati kumi na saba yaling'oka. Niliyahesabu yakiwa chini, kwa sababu yakiwa hewani hayahesabiki. Nguzo ya umeme ya kona iliuangukia mpapai wa jirani, na waya ukalala katikati ya njia kama nyoka aliyeshiba. Ndani ya duka la Bwana Nasoro kulikuwa na saa ya ukutani iliyokwenda kwa umeme, na ndiyo iliyotuongoza sote. Ilisimama saa nane na dakika ishirini. Ikabaki hapo hapo siku kumi na tisa.

Mafundi walisema kesho. Kesho hiyo niliisikia mara kumi na sita. Siku ya tatu tuliona taa zimerudi kule mlimani kwa wakubwa, zimepangwa vizuri kama shanga, na sisi huku tunatafutana kwa kupapasa. Mama yangu, aliyekuwa fundi cherehani na mpunguza bei ambaye wauzaji walimwona wakafunika bidhaa, alitazama juu akasema, "Kumbe giza nalo linajua anwani."

Bwana Nasoro hakulilaumu giza. Alikuwa mwenye duka, na mwenye parseli ile, kiwanja na vyumba vyake, tuliyopanga sisi na familia nyingine tatu. Babu yake alitoka Omani na yeye hakuwa ametoka Buyenzi hata siku moja. Aliuza mafuta ya taa. Juma la kwanza bei ya chupa ilipanda mara mbili, la pili ikapanda ukiwa bado umenyoosha mkono. Alikuwa ameleta mapipa sita na hana pa kuyaweka, yamekaa uani yakinyeshewa, na kila akipita aliyatazama, kisha akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma alikaa Mama Feza. Alivuka kutoka upande wa Uvira wakati wa vita vya Kongo, akiwa na furushi moja na binti mmoja wa rika langu. Furushi lilikuwa na kitenge kimoja cha maana, cha bluu iliyokolea na ndege wa manjano, ambacho hakukivaa. Alikitandaza juani mara moja kwa mwezi, akakikunja, akakirudisha. Walikuwa Wakristo. Feza alicheza na mimi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kucheza naye, na mimi nilicheza na yeye kwa sababu alikubali kushindwa.

Sasa, msikiti wetu, kule avenyu ya sita, ulikuwa na taa nyekundu juu ya mnara. Wakati wa kufuturu ukifika, taa iliwashwa, kipaza sauti kikaadhini, na watoto walioko njiani wakaita, "Imewaka!" Hapo ndipo kikombe kilipogusa mdomo. Dhoruba ilipoua taa na kipaza sauti pamoja, tukabaki na mwadhini mzee mwenye kikohozi, ambaye sauti yake haikufika hata avenyu ya saba. Jua lenyewe halikuonekana. Mawingu yalikaa juu ya ziwa kama kifuniko, na milima ya Kongo haikuwapo. Wazee wakapanga watoto. Kila kona ya avenyu mtoto mmoja, kuanzia msikitini, tisa kwa jumla. Wa kwanza akisikia adhana anaita, wa pili anapokea, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na tuliendelea kuita "Imewaka!" japokuwa hakuna kilichowaka. Watoto wasiofunga walipendelewa, maana koo zao zilikuwa na mate. Ndivyo Feza alivyopewa kona ya avenyu ya kumi na tatu. Mimi nilipewa ya mwisho, ya kumi na nne. Kati yake na mimi kulikuwa na hatua hamsini na mbili.

Mimi nilikuwa nafunga. Mwaka ule Mama alikuwa ameniahidi gauni jipya la Idi nikikamilisha mwezi mzima, na kwa gauni ningefunga hata midomo. Nilikuwa nimemaliza siku ishirini na moja.

Siku ya ishirini na mbili, ambayo ilikuwa ya kumi na nne gizani, nilisimama kwenye kona yangu na njaa ikanipanda mpaka machoni. Uani kwetu Mama alikuwa anakaanga sambusa. Bibi Mwamini, jirani yetu mzee, alikuwa amefunua chungu cha uji wa tangawizi. Mbingu ilikuwa ya kijivu tangu asubuhi. Ungeweza kuiita saa yoyote uliyotaka. Nikaanza kupiga hesabu. Nikila peke yangu, nimekula mchana, na saumu imekwenda na gauni limekwenda. Lakini tukila wote, nani atasema ni mchana? Tukila wote, ni jioni.

Nikaita, "Imewaka! Imewaka!"

Sijawahi kuuza kitu kikanunuliwa haraka vile. Vikombe viligongana, benchi zikaburutwa, mtu akasema bismillahi huku ameshameza. Nilikimbilia uani nikala sambusa nne. Watu sitini na mmoja walikula katika avenyu yetu. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata sitini. Nilikuwa nimejisahau mwenyewe.

Tulikuwa tumefika kwenye uji wa pili ndipo sauti ikaja kutoka kona ya kumi na tatu, nyembamba, ya kweli:

"Imewakaaa!"

Bibi Mwamini alishika tende katikati ya meno, hajui aitoe au aimeze. Bwana Nasoro alitoka dukani akiwa na chembe za sambusa ndevuni, akasimama katikati ya njia.

"Nani ameita ile ya kwanza?"

Wote wakanitazama. Feza naye alikuwa anakuja mbio, anacheka, akidhani kazi yake imekwisha.

"Feza ameita, na mi nikapokea," nikasema.

Kicheko kikamfia mdomoni. "Apana! Mi nimeita mara moja. Sasa hivi tu."

"Mara mbili," nikasema. "Nimehesabu."

Hapo ndipo nilipommaliza. Avenyu nzima ilinijua kwa jambo moja tu. Bibi Mwamini akatoa ile tende akasema, "Huyu mutoto hakosei hesabu. Anajua mpaka mayai ambayo kuku zangu hazijataga."

Bwana Nasoro alimgeukia Mama yangu, maana jiko lake lilikuwa mlangoni mwa ua, hatua kumi kutoka kona. "Mama Zaina, we umesikia mara ngapi?"

Mama alikuwa na mwiko mkononi. Alinitazama mimi, akatazama midomo yangu iliyong'aa mafuta, akamtazama Feza.

"Kama Zaina amesema mbili," akasema, "ni mbili."

Mama Feza alikuja akijifuta mikono. Alielewa kabla hajaambiwa. Watu waliokimbia mara moja huelewa upesi. Aliuchukua mwiko kutoka mkononi mwa Mama yangu, akamshika binti yake, akampiga pale pale njiani, ili tuone. "Tumekimbia masasi ya vita kule," alisema huku akipiga, "sasa unataka tukimbie na futari ya watu?" Feza hakulia kwa sauti. Alisema tu, kila pigo, "Mara moja, mama. Mara moja." Mapigo yalikuwa kumi na mawili. Mtu angeweza kumzuia katika lile la tatu. Tulikuwa wengi, na tumeshiba.

"Baba Nasoro, musamehe," alisema Mama Feza alipomaliza, akihema. "Ni mutoto."

"Mi nasamehe," alijibu Bwana Nasoro kwa upole kabisa. "Lakini mwenye kuchezea saumu za watu hakai kwenye parseli yangu. Nakupa siku tano." Wala hakumtazama. Alikuwa anatazama mapipa.

Shehe aliamua kwamba kila aliyekula atalipa siku moja baada ya Idi. Watu walinung'unika, na manung'uniko yote yakamwendea Feza. Watoto walimpa jina: Saa Mbovu. Akienda bombani kuchota maji walimfuata. "Saa Mbovu, ni saa ngapi? Saa Mbovu, tule au tungoje?" Mimi niliimba pia. Niliimba kuliko wote, kwa sababu aliyekaa kimya angeonekana.

Siku ya tano, mchana, walitoa vitu vyao. Masufuria mawili, mkeka, karai la kukaangia mihogo, furushi. Walikuwa wanakwenda mtaa wa Kamenge kwa mtu aliyemjua mtu. Chumba kilikuwa hakijafagiliwa vizuri pipa la kwanza likaingia. Mama yangu alitoka, akafungua furushi kama anayelisaidia kulifunga, akashika kile kitenge cha ndege.

"Kamenge kuna wezi," alisema. "Nipatie mi, nikupe maharage."

"Vikombe ngapi?"

"Vitatu."

"Mama Zaina, hiki nilipewa na marehemu."

"Vinne. Na chumvi."

Mama Feza alikitazama kitenge, akamtazama mtoto wake, mwenye michubuko iliyoanza kuwa ya kijani. Watu wa kutembea hawali kumbukumbu. Alichukua vikombe vinne. Nilivihesabu vikimiminwa: kile cha nne hakikujaa.

Na hapo hapo, jua likiwa utosini, siku ya kumi na tisa, umeme ulirudi. Taa nyekundu ya mnara ikawaka mchana kweupe, haina maana yoyote. Saa ya dukani ikaanza kutembea kutoka saa nane na dakika ishirini, kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Kipaza sauti kikakoroma. Na watoto wote, kutoka msikitini, kona baada ya kona: "Imewaka! Imewaka!"

Sauti ilipofika kona ya kumi na tatu, Feza, aliyekuwa na karai kichwani, alifungua mdomo kuipokea. Ni mazoea; siku kumi na nne alikuwa ameifanya kazi ile. Kisha akakumbuka, akaufunga. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kwenye baraza. Hakutukana. Aliinua mkono mmoja uliokuwa huru, akanionyesha kidole. Kimoja. Akakishikilia hewani muda wote waliokuwa wanatembea, mpaka walipokata kona.

Gauni nililipata. Mama alilishona kwa siku tatu: bluu iliyokolea, ndege wa manjano wawili kifuani, na pindo refu la kuachia nikikua. Sikuwa nimekamilisha mwezi, maana siku moja ilikuwa deni. Nikamuuliza mbona amenipa. Akasema, "Vaa." Asubuhi ya Idi watu walinisifu. Nililivaa miaka mitatu, akiachia pindo kila mwaka. Rangi yake haikutoka hata kidogo. Kilikuwa kitenge kizuri. Leo, kwa bei zangu, mtu hangekipata kwa gunia la maharage.

Miaka ilipita. Mama akazeeka, macho yakapungua, lakini mchele aliendelea kuuchambua mwenyewe kwa vidole. Siku moja tumekaa na ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Siku ile ya Feza, mi nilisikia mara moja."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Ungepigwa we."

"Alipigwa mwenzangu."

"Ndiyo," akasema. Akaokota jiwe, akalitupa. "Lakini we ndiye wangu." Na akaendelea na mchele.

Miaka yote ile nilijiona mjanja, mtoto wa miaka kumi aliyewauzia uongo watu sitini. Siku ile ya ungo ndipo nilipopiga hesabu upya. Avenyu ya kumi na tatu hawakuwa wamekula mapema. Kama Feza angeita mara mbili, wao wangekuwa wa kwanza kufungua vyungu. Ilikuwa hatua hamsini na mbili tu kwenda kuwauliza, na hakuna aliyekwenda. Bwana Nasoro alitaka chumba. Bibi Mwamini alitaka mtu wa kulaumu kwa ile tende. Mama alinitaka mimi. Sikumdanganya mtu, waliununua uongo wangu wakiujua, kwa sababu bei yake ililipwa na mwingine. Mama alikuwa akipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeitembea, na sijaona mwisho wake.

Nilikwenda Kamenge kuuliza, nikiwa mtu mzima tayari. Mara mbili nilikwenda. Mara zote mbili niliambiwa hawajulikani.

Juzi jioni umeme ulirudi. Nilikuwa na kitenge mkononi na mteja mbele yangu. Watoto wakaita. Nikahesabu: mara moja. Mteja akaniuliza ni mita ngapi. Nikamwambia angoje, nikahesabu tena.

Mara moja.