Mume Wangu Alijenga Kabla Udongo Haujatulia, Sasa Naitwa Kortini

Admin, naomba unifiche, kwa sababu mume wangu anafuata ukurasa huu na hucheka sana shida za watu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya, naishi Kampala na mume wangu ambaye ni kontrakta. Tulipofika hapa hatukuwa na mbele wala nyuma. Aliyetupokea ni mjane mmoja Mkongomani tuliyekutana naye kanisani, nitamwita Mama Furaha. Alitupa chumba chake cha nyuma, akatulisha mpaka mume wangu akapata kazi. Mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyemwogesha. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, basi huyu ndiye aliyekuwa mama.

Mwaka jana Mama Furaha alipata kiwanja Bwaise, akataka kujenga nyumba ya mashine ya kusaga mahindi. Kazi akampa mume wangu, hakutafuta mwingine. Bwaise ni bondeni, na mnaoijua mnayajua maji yake. Kiwanja hujazwa udongo, halafu huachwa kinyeshewe msimu mzima, udongo ushuke na kushikana, ndipo unachimba msingi. Hata wauza chapati wa pale wanalijua hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia mafundi, kwa hiyo nilikuwepo siku Mama Furaha alipomwambia, "Baba, tungoje mvua ipite kwanza." Mume wangu alikuwa na kazi nyingine Kyambogo inamsubiri. Akamjibu, "Mama, wewe saga unga, kujenga niachie mimi. Kitu kikitokea, uniulize mimi." Nikaendelea kupakua maharagwe.

Mvua ilipokuja, upande mmoja wa jengo ulizama. Ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, mashine ikainama, maofisa wa jiji wakaja wakafunga mlango. Mama Furaha akaenda kumwuliza, kama alivyoambiwa. Mume wangu akamjibu kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeharakisha kazi. Kesi ikafika kortini, na huko anasema hivyo hivyo. Maneno yale ya siku ile hakuna mwingine aliyeyasikia ila mimi. Mafundi walikuwa upande wa pili wakichanganya zege.

Sasa wakili wa mume wangu anataka nisimame niseme mama ndiye aliyetuharakisha. Nilipomwambia mume wangu kwamba sikusikia hivyo, hakufoka. Aliniuliza tu, "Wewe ni bibi yangu ama wake?" Kisha akaomba chumvi. Tangu siku hiyo nimekufa ganzi. Silii, sikasiriki. Nafua nguo, nazianika, naanua. Watu wa kanisani wananiambia nimekonda, mimi sioni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Furaha. Nilifikiri ataniomba niseme ukweli, na labda ningekubali, maana ningekuwa na wa kunisukuma. Badala yake alinishika mkono akasema, "Usinisemee kitu, mwanangu. Mimi nitapoteza nyumba ya mashine. Wewe utapoteza bwana na baba ya watoto. Ukae kimya tu." Nilipomweleza mume wangu alifurahi, akasema Mungu amemlainisha mama, sasa kazi ni rahisi. Hakuona kwamba kukaa kimya ni kitu kimoja na kusema uongo ni kingine.

Najua wengine mtaniambia niondoke. Niende wapi? Mlango mwingine ninaoujua katika mji huu ni wa Mama Furaha.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya kusimama. Jana Mama Furaha ametutumia unga, kama anavyofanya kila mwezi tangu tuhame kwake. Mashine yake imefungwa, kwa hiyo ameenda kusagisha kwa watu, kwa pesa yake. Mume wangu aliuona mfuko akauliza mbona sijapika ugali. Uko pale mezani, bado umefungwa, na leo jioni ataniuliza tena. Nishaurini, ndugu zangu. Niusonge tule, halafu Alhamisi nisimame niseme nini?