Wimbo Waliotaka Kabla ya Msiba

Aliyenifungia Al Baraha, mtaa wa Dubai nilikofanya kazi za ndani, ni madam, na aliyemsaidia ni bintiye. Majina siyataji. Wenyewe wanajijua.

Madam alikuwa wa ukoo wa Kiunguja, mzaliwa wa hukohuko Dubai, Kiswahili chake kitamu hadi unasahau kuwa anakutuma. Pasipoti yangu aliifungia kwenye kabati la vyombo vya wageni, ufunguo akauvaa shingoni. Binti alisomea muziki chuo kikuu, na mwaka ule alikuwa kwenye utafiti wa mwisho.

"Inaitwa shahada ya honours, anti, yaani ya heshima," aliniambia.

"Heshima ya nani?"

Akacheka. Alidhani natania.

Mimi niliishia darasa la sita, utafiti sikuujua. Nilikuja kuona ni simu kuwekwa karibu na mdomo wangu nikikuna nazi. Nilimwimbia za kubembeleza watoto, za kupalilia, hata za kanisani. Zote akazichukua. Kisha profesa wake, mtu ambaye hajawahi kuniona, akamwambia kazi haijakamilika bila wimbo wa kilio.

Kwetu magharibi mwa Kenya, wimbo huo mama akifa huanzishwa na binti yake mkubwa, akiingia bomani. Hauimbwi hivihivi. Ukiuimba kabla hajafa mtu, umemwitia kifo. Na binti mkubwa ni mimi, na mama yangu alikuwa hospitalini, kifua kimembana, kila nikipiga simu ananiuliza, "Uko njiani?"

Nikamwendea madam sebuleni kuomba ruhusa.

"Utakwenda, inshallah," akasema. "Lakini mwenzio kakwama. Mwimbie huo wimbo, umalize kazi ya watu, ndiyo uchukue pasipoti yako."

"Madam, mama yangu yu hai."

"Kwani wimbo unaua? We nawe! Yalla, funga mlango uimbe, khalas, yaishe."

"Hata nusu tu, anti," binti akadakia. "Bila huo nitafeli."

Nikasimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi. Nikiimba, namzika mama kwa mdomo wangu. Nisipoimba, simwoni. Nikakataa. Hadi leo wapo wanaoniambia ningeimba tu, ni maneno. Waseme. Hakuwa mama yao.

Ufunguo haukutoka shingoni.

Kaka yangu alipiga simu mchana, nikiwa napara samaki. "Dada, mama ametuacha." Sikumbuki niliiwekaje simu chini. Nakumbuka magamba mikononi, na sauti ikitoka yenyewe, wimbo wote, bila kuuita. Nilipogeuka, binti alikuwa mlangoni. Simu ameinua, na machozi yanamtoka, machozi ya kweli, sitamsingizia.

"Usinyamaze, anti. Kidogo tu."

Siku ileile madam akafungua kabati. Pasipoti akanipa na khanga mpya juu yake, akanipa pole ndefu. Binti alifaulu, nilikuja kusikia, na walimu wakausifu sana ule wimbo.

Tiketi ilichelewa, nikafika nyumbani kaburi limeshafukiwa. Wanawake walikuwa wamekaa uani, wananingoja nianzishe. Nikafungua mdomo. Nikasikia "kidogo tu" ya yule msichana, karibu kabisa, kama bado yuko mlangoni.

Nikaufunga. Mke wa kaka yangu akangoja kidogo, kisha akaanzisha yeye, bila kunitazama.