Sahani Ambazo Watu wa Brăila Wanaogopa Kupokea

Jumamosi, tarehe 22 Februari. Asubuhi hii kuna baridi ya kupasua midomo, na upepo unapeperusha theluji kavu juu ya reli. Mto Danube hauonekani kwa ukungu.

Saa kumi na moja alfajiri, katika karakana ya tramu ya mji wa Brăila, Romania, Safta Pavăl anasugua sakafu ya behewa kwa brashi ya mpini mrefu. Maji ya moto yanapoa kabla hajamaliza safu moja ya viti. Ana miaka hamsini na minne. Kazi hii ameifanya tangu kiwanda cha nguo alichokuwa akishonea kilipofungwa.

"Sahani ya Pili, umebakiza mabehewa mangapi?" anauliza Gicu, fundi wa breki, kutoka chini ya behewa la jirani.

Safta anamjibu kwamba amebakiza mawili, na kwamba leo atatoka mapema. Hakasiriki. Jina hilo amelizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Alilipata Novemba iliyopita. Mumewe, Toader, mchomeleaji wa meli, alikuwa amefariki Septemba kwa ugonjwa wa mapafu. Ilipofika Jumamosi ya wafu ya vuli, moja ya siku za mwaka za kuwaombea marehemu, Safta alipika kabichi iliyoviringishiwa nyama, akachemsha ngano kwa sukari na njugu, akaenda kugawa uani kwa kanisa kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Kila sahani ilikuwa na mkate na mshumaa. Anayetoa hali chakula hicho. Anayepokea hula kwa niaba ya marehemu, na husema, "Mungu amrehemu." Bila mpokeaji, chakula hakimfikii aliyekusudiwa. Ndivyo watu hapa wanavyoamini, maskini na mwenye nafasi.

Siku hiyo kulikuwa na kamera langoni. Watu wa kituo kimoja cha televisheni cha mji mkuu walikuwa wakitengeneza habari kuhusu umaskini. Hawakuuliza kitu. Jioni yake, uani palipojaa watu wanaoombeana paliitwa foleni ya chakula cha bure. Safta alionekana amenyoosha mikono, sahani katikati yake na mzee mmoja. Chini ya picha paliandikwa: "Mwanamke ajipatia sahani ya pili."

"Nilikuwa natoa," anasema Safta, akikamua kitambaa. "Nimepika siku mbili, miguu imevimba, halafu naambiwa nimekuja kunyang'anya. Nyama nimenunua kwa mshahara wangu."

Mshahara huo ni kama lei elfu mbili na mia sita kwa mwezi. Hajawahi kupokea msaada wa chakula, ingawa haoni aibu kwa anayeupokea.

Kinachomkera zaidi ni habari iliyofuata jioni ileile. Ilikuwa karamu ya wenye makampuni ya usafirishaji, waliokutana hotelini kuchangia hospitali. Nao walikuwa na sahani mbele yao. Lakini wao walitajwa kwa majina, wakaitwa wafadhili, na kamera iliwaonyesha wakicheka na kuinua glasi.

"Hakuna hata mmoja aliyeonyeshwa akitafuna," anasema Safta. "Sisi walituonyesha tukitafuna tu. Toader hawakumtaja, na wala hawakuuliza sahani ni ya nani."

Alipiga simu kituoni. Msichana aliyepokea alimsikiliza kwa adabu, kisha akamweleza kwamba, kwa kuwa jina lake halikutangazwa, hakuna aliyechafuliwa jina.

Saa tatu asubuhi, Safta yuko uani kwa kanisa, kikapu mkononi. Ni Jumamosi ya wafu ya kabla ya mfungo wa Kwaresima. Ndani, padri amemaliza kusoma majina ya marehemu, na la Toader limesomwa. Miaka yote meza hupangwa kuanzia mlangoni hadi langoni. Leo kuna meza moja tu, ya Safta.

Wanawake wengine wanagawia nyuma ya kanisa, karibu na mapipa ya taka, vifurushi vimefungwa kwenye mifuko myeusi. Mwanamume mmoja langoni anatoa simu kuangalia saa. Watatu waliokuwa wakiikaribia meza, wakidhani anapiga picha, wanainamisha vichwa na kupita.

Paraschiva, jirani wa ghorofa ya chini, anakuja. Anapokea sahani, anasema maneno yanayostahili kwa sauti ya chini sana, na kuitumbukiza kwenye mkoba.

"Shoga, mchuzi utamwagika," anamwambia Safta.

"Acha umwagike. Mkwe wangu ni mwalimu. Akiniona kwenye televisheni nitauweka wapi uso wangu?"

Lakini Safta anamngoja mtu mmoja hasa. Kwenye kikapu kuna kikombe cha bati cha bluu, kilichobanduka rangi ukingoni. Toader alikinywea kazini miaka yote, na kitu cha marehemu hupewa aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Huyo ni Haralambie, mzee wa miaka sabini na moja, aliyechomelea meli bega kwa bega na Toader. Ndiye mzee aliyeonekana kwenye picha ile.

Haralambie amekuja kusali. Sasa amesimama chini ya ukuta, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Binti yake anatunza wazee huko Torino, Italia. Aliiona picha kwenye simu, akapiga simu akilia, akauliza kama pesa anazotuma hazifiki. Tangu hapo mzee hununua mkate mtaa wa mbali.

Safta anamwendea, sahani mkono mmoja, kikombe mkono mwingine.

"Safta, mwanangu, nielewe," anasema mzee bila kumtazama. "Niletee nyumbani giza likiingia. Ufunike na gazeti. Nitaufungua mlango kidogo, nitapokea."

"Toader hakuwa mtu wa magendo, baba."

"Najua."

"Mlikula mkate mmoja miaka thelathini. Leo umpokee kwa kujificha?"

Mzee anageuka. Anafanya ishara ya msalaba na kutoka kwa mlango wa pembeni. Safta anabaki ameshika kikombe. Machozi yake hayaanguki. Anayafuta, lakini baridi imeshayagandisha kwenye kope.

Padri anamshauri aziache sahani ili zipelekwe kwa wagonjwa. Safta anamshukuru na kukataa. Anataka kuiona mikono inayopokea.

Anarudi karakana na kikapu bado kizito. Ni wakati wa chai, na wafanyakazi wamezunguka jiko la chuma. Mafuta yameganda meupe juu ya kabichi. Anaweka sahani juu ya benchi la vifaa, anawasha mishumaa kwa kiberiti cha dereva mmoja, na kueleza kwa maneno machache kwamba kanisani hawakupokea.

Hakuna anayetania. Gicu anafuta mikono kwenye suruali, anavua kofia, anapokea kwa mikono miwili.

"Mungu amrehemu Toader," anasema. Kisha anaongeza, akitazama chini, "Ahsante, dada Safta."

Wengine wanafuata. Wanakula wamesimama, chakula kikiwa baridi. Kikombe kinabaki kikapuni. Gicu anakinyooshea kidole, anauliza kama hakipewi yeyote, na Safta anatikisa kichwa. Kina mwenyewe, anasema, ila mwenyewe ameogopa.

Anaulizwa atafanya nini nacho. Anasimama, na wanaotafuna wanaacha.

"Nasema mbele yenu, na Mungu ananisikia," anasema Safta Pavăl. "Jumamosi ya wafu ya mwezi wa sita nitaweka meza palepale, mbele ya lango. Haralambie nitamwita kwa jina, kwa sauti, nimpe kikombe cha Toader mchana kweupe. Akikataa, nitamwita tena vuli. Na huyo wa kamera akija, naye nitampa sahani. Ila hataondoka kabla hajamtaja Toader."